Nisome Nini? Deni la Anayependekeza Riwaya

Watu wanaojua nasoma riwaya za Kiswahili huniuliza swali moja karibu kila wiki: nisome nini? Huuliza haraka, kama mtu anayeuliza magari ya Rongai yanapakia wapi siku hizi. Na sisi wasomaji huwa tunajibu kwa haraka hiyohiyo. "Soma Kezilahabi." "Manze, Vuta n'kuvute, lazima." Halafu kila mtu anashika njia yake.

Hebu nikuulize swali ambalo labda utaona ni la mtu asiye na kazi. Anayempendekezea mwenzake riwaya ana wajibu wowote kwake? Ama ni stori tu, kama kumwambia mtu chapati za kibanda fulani ni tamu, na asipozipenda ni shauri yake?

Mimi naona wajibu upo. Tena naona unatulemea zaidi sisi tunaopendekeza riwaya za Kiswahili kuliko wale wanaopendekeza vitabu ambavyo dunia nzima inavizungumzia.

Tuanze na gharama. Wimbo usioupenda unakula dakika 3 za maisha yako. Riwaya ya kurasa 250 inakula wiki mbili za mtu anayesomea kwenye matatu jioni, amechoka, simu ikimwita kila baada ya ukurasa. Pesa nazo ni zilezile za kugawa kati ya mkate na nauli, na tangu sheria ya VAT ya mwaka 2013 vitabu Kenya vikaanza kutozwa ushuru wa asilimia 16. Kwa hivyo unapomwambia mtu "lazima usome hiki", unamwomba kitu. Unamwomba muda ambao hatarudishiwa.

Halafu kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Riwaya inaingia ndani ya mtu. Unaweza kumkumbuka mhusika wa kubuni kwa miaka kumi kuliko unavyowakumbuka binamu zako. Ukimpa mtu riwaya umemwingizia mgeni nyumbani, na wewe ndiwe uliyesema huyo mgeni ni wa maana.

Sasa, kuna tofauti ambayo tunaipita kila siku bila kuiona. Kusema "kitabu hiki ni kizuri" ni kusema jambo kuhusu kitabu. Kusema "kisome" ni kusema jambo kuhusu kitabu na kuhusu mtu aliye mbele yako. Unadai kwamba unamjua kiasi fulani. Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Ni hadithi ya Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga anayefunga safari mpaka Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Jirani yangu mmoja, makanga, aliyelelewa na mama peke yake, alikisoma kitabu hicho kwa siku tatu na kunirudishia kimekunjika kote. Hakusema mengi. Alisema tu, "Buda, huyu jamaa alijuaje?" Rafiki mwingine, aliyelelewa na wazazi wote wawili na ambaye sitamsema vibaya, alikiona kina misamiati mingi na bahati nyingi za kukutana na watu njiani. Kitabu ni kimoja. Wote wawili wana akili zao. Ukiuliza kama Siku Njema ni "kizuri" utabishana mpaka usiku. Ukiuliza kinamfaa nani, utaanza kusema jambo la maana.

Ndiyo maana orodha za "riwaya 10 ambazo lazima usome kabla hujafa" zinanichosha. Hazisemi na mtu yeyote. Mwandishi wa orodha hajui umefiwa, hajui umeachwa, hajui ulimaliza shule ukiapa hutashika tena kitabu cha Kiswahili. Anajua tu anachotaka kuonekana amesoma. Na hilo nalo tuliseme wazi: mara nyingi tunapendekeza ili tuonekane. Mtu hajawahi kusoma riwaya hata moja kwa hiari, unamtupia Nagona ya Euphrase Kezilahabi, kitabu chembamba cha mwaka 1990 ambacho wasomi wanakizunguka mpaka leo wakitafuta mlango. Umempa kitabu kikubwa, sawa. Lakini hukumwangalia yeye. Ulikuwa unajiangalia kwenye kioo.

Nilisema wajibu wetu ni mzito zaidi kwa sababu ni Kiswahili. Hii ndiyo sababu. Mtu akipendekezewa riwaya ya Kiingereza inayovuma, ana maelfu ya wasomaji wa kumsaidia kuamua. Ataingia kwenye intaneti, atasoma maoni, atajua ni ndefu ama fupi, inachekesha ama inaliza. Akipendekezewa Nyota ya Rehema, atapata nini kwenye simu? Mwongozo wa mtihani, labda. Huenda wewe ndiye mtu pekee atakayewahi kukutana naye aliyeisoma bila kulazimishwa. Neno lako ndilo maoni yote atakayopata.

Na ana historia. Vijana wengi tuliosoma Kenya tulikutana na riwaya za Kiswahili kama vitabu teule. Hilo ni pendekezo ambalo huwezi kulikataa. Tulisoma tukiwinda maswali: eleza muktadha wa dondoo hili, taja mbinu za uandishi, jadili sifa za mhusika, alama 20. Nimekutana na watu waliosoma Kidagaa Kimemwozea mara nne wakiwa shuleni na hawajawahi kujiuliza kama wanakipenda. Hakuna aliyewauliza. Mtu wa aina hiyo akikujia miaka sita baadaye akisema "nipe kitu cha Kiswahili nijaribu", hiyo ni nafasi ambayo huenda isirudi. Ukimpa kisichomfaa, hatasema kitabu kilikuwa kibaya. Atasema Kiswahili ni kigumu. Atafunga mlango wa lugha nzima.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma kutoka. Tangu hapo hakuna mhadhiri wa kunipa orodha. Karibu kila riwaya niliyosoma imetoka mdomoni mwa mtu, na aliyenifundisha zaidi kuhusu kazi hii ni mzee mmoja anayeuza vitabu vya mtumba katikati ya jiji la Nairobi, vile vya kutandazwa chini, vya kuinama. Ukimuuliza usome nini, hakujibu. Anakuuliza kwanza. "Kijana, cha mwisho ulichomaliza ni kipi?" Unamwambia. "Na ulichoshindwa kumaliza?" Hapo ndipo anapotega sikio. Nilimuuliza siku moja, "Mzee, kwani kilichonishinda kinakusaidia nini?" Akaniambia watu hudanganya kuhusu wanachopenda, lakini hakuna anayejisumbua kudanganya kuhusu kilichomchosha.

Hadi hapa huenda unakubaliana nami, kwa sababu hatujafika pagumu. Pagumu ni hapa: ufanye nini na kitabu kinachoweza kuumiza?

Mwaka 1971 Kezilahabi alitoa Rosa Mistika. Ni hadithi ya msichana wa Ukerewe, bintiye mlevi anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anatoka nyumbani akiwa hajui lolote kuhusu wanaume, na dunia inamfundisha kwa ukali. Kitabu kilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania. Mwishoni Rosa anajiua. Ndiyo, nimekuambia mwisho, na nimefanya hivyo makusudi. Subiri.

Rafiki yangu mmoja alinijia akitaka kitabu hicho. Alikuwa amesikia kiliwahi kukatazwa, na kitu kilichokatazwa hakihitaji tangazo. Mwaka uliotangulia kakake alikuwa amejitoa uhai. Nilikuwa na nakala kwenye rafu, hatua mbili kutoka alipokaa.

Njia za kufuata zilikuwa tatu. Ya kwanza, nimwambie sina, nimpe kingine. Ya pili, nimpe ninyamaze, kwa sababu yeye ni mtu mzima na sisi wasomaji tunaogopa kumwaga mtama kuliko tunavyoogopa moto. Ya tatu ndiyo niliyochukua. Nilimwambia, "Kabla hujakibeba, kuna mtu anajiua mle ndani. Ni Rosa mwenyewe, kuelekea mwisho. Kitabu ni kizuri sana. Unaweza kukisoma sasa, baadaye, ama usikisome kabisa."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Asante. Wengine wananificha mambo kana kwamba mimi ni yai." Akakibeba. Kilikaa kwake miezi minne. Aliponirudishia alisema alipofika pale alikuwa amejiandaa, na kilichomliza hakikuwa kifo. Kilikuwa kile kipigo cha barua, mapema kabisa, kwa sababu hapo bado kulikuwa na muda wa mtu kufanya kitu. Sisemi kitabu kilimtibu. Alikuwa na mshauri anayemwona, na hiyo ndiyo kazi ya mshauri. Nasema tu kwamba aliingia akijua anaingia wapi.

Mzozo huu si wa kwetu peke yetu. Mwaka 1774 Mjerumani kijana, Johann Wolfgang von Goethe, alitoa riwaya fupi kuhusu Werther, kijana anayempenda mwanamke aliyeposwa na mwingine na mwishowe anajipiga risasi. Ulaya ilipagawa nayo. Vijana wakavaa kama Werther, koti la buluu na kizibao cha njano. Kukawa na hofu kwamba wengine wanamwiga mpaka kaburini. Mwaka 1775 wakuu wa mji wa Leipzig wakapiga marufuku kitabu hicho na hata yale mavazi. Karibu karne mbili baadaye, mwaka 1974, mwanasosholojia wa Marekani David Phillips alilitumia jina la Werther kuita hali ya watu kujiua baada ya habari za kujiua kutangazwa sana.

Goethe mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kuandika kitabu kile kulimtua mzigo. Aliishi mpaka umri wa miaka 82. Na katika chapa ya mwaka huohuo wa 1775 aliongeza beti fupi ambamo Werther anamwonya msomaji asimfuate.

Mimi hapo naona watu wawili wanaojali, ila wamechukua njia mbili. Leipzig ilifunga mlango. Mwandishi aliuacha wazi akaweka onyo kizingitini. Kosa la wakuu wa mji halikuwa kuamini kwamba vitabu vina nguvu. Vina nguvu. Mtu anayesema riwaya haiwezi kumdhuru msomaji anapaswa pia kukubali kwamba haiwezi kumsaidia, na hapo sijui tunapendekezeana nini. Kosa lao lilikuwa kuamua kwa niaba ya kila mtu, kwa wakati wote. Anayempa mtu kitabu kizito akanyamaza anaamua kwa niaba yake vilevile, ila yeye anamsukuma ndani ya chumba chenye giza. Kati ya kufunga mlango na kumsukuma mtu gizani kuna kumshika mkono ukamwambia: hapa kuna ngazi, angalia mguu.

Utaniambia, "Lakini ukisema mwisho umeharibu utamu." Wakati mwingine ni kweli. Usimwambie mtu muuaji ni nani kwenye hadithi ya upelelezi, huo ni uchawi. Lakini si lazima useme kila kinachotokea. Sema kile kinachoweza kumgusa mtu huyu penye kidonda chake, ukijua kidonda kipo. Na riwaya inayokufa ukijua inavyoisha ilikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Swali la Rosa Mistika ni nani aliyemfikisha pale, na swali hilo linabaki hata ukijua amefika.

Kuna hoja ngumu zaidi dhidi yangu, na sitaki kuikwepa. Kama kila mtu atapewa kinachomfaa tu, nani atapewa kinachomsumbua? Simu zetu tayari zinafanya kazi hiyo: ulipenda hiki, chukua kingine kinachofanana nacho, na kingine, mpaka unajikuta unazunguka ndani ya chumba kimoja. Vitabu vilivyonibadilisha havikufanana na chochote nilichokuwa nimependa. Kama yule mzee wa vitabu angekuwa ananipa ninachotaka tu, ningekuwa bado nasoma hadithi za majambazi.

Nakubali. Lakini kumjua mtu si sawa na kumbembeleza. Mama anayekujua ndiye anayekwambia ukweli unaouma, na ndiye anayejua usikwambie leo. Simu inajua ulichobonyeza. Haijui ulichokuwa unakikimbia ulipobonyeza. Rafiki anaweza kukujua vya kutosha kukupa kitabu ambacho hungekichagua, na akakwambia kwa nini: "Hiki kitakukasirisha. Nataka ukasirike." Hapo amekuheshimu mara mbili, kwa kukupa kigumu na kwa kutokuficha kwamba ni kigumu.

Baada ya hapo, mwachilie. Ukishampa mtu kitabu, hakidai chochote tena kwa niaba yako. Usimpigie simu kumuuliza amefika ukurasa gani. Usimfanyie mtihani. Wengi wetu tulikimbia vitabu kwa sababu kila kusoma kulifuatwa na swali la alama 20. Mtu ana haki ya kuacha katikati, ya kuchukia unachokipenda, ya kukaa na kitabu mwaka mzima bila kukifungua. Akiona kitabu chako cha moyoni ni cha kuchosha, hajakutusi.

Basi, kwa kuwa nimeongea sana, wacha nifanye ninachohubiri. Sikujui, kwa hivyo nitasema kila kitabu ni cha nani, na nani asubiri.

Kama mwaka 2024 ulikuwa barabarani, ama ulikuwa nyumbani ukitazama wenzako walio barabarani, soma Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Karama anashtakiwa kwa sababu anataka watu wa nchi yake wafundishwe sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje wakaleta mema, wakalipwa kifungo. Ni fupi. Lakini ina hotuba nyingi na mwendo wa polepole. Kama unataka mapenzi ama mbio, subiri.

Kama unaamini riwaya za Kiswahili ni mahubiri matupu, soma Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999. Yasmin, msichana mdogo wa Kihindi aliyeozwa mzee, anatoroka ndoa hiyo Zanzibar ya enzi ya Waingereza, na njia yake inakutana na ya Denge, kijana wa siasa aliyesoma Urusi. Kuna mapenzi, kuna muziki, kuna polisi. Filamu yake ilitoka mwaka 2021. Kiswahili chake ni cha Unguja, kurasa za kwanza zinaweza kukuteleza. Vumilia kidogo.

Kama kwenu ndugu hawasalimiani kwa sababu ya shamba, kuna Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976. Rehema anakataliwa na baba mwenye mali, na mali hiyo haimwachi hata baba akiwa hayupo. Nakuonya: mna ukatili kwa mtoto wa kike, na hauishi haraka. Kama wewe mwenyewe ulikuwa mtoto huyo, chagua wakati wako, ama usichague kabisa.

Na kama unasoma Kiingereza kwa raha na Kiswahili kwa jasho, chukua Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar na kushinda Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Yusuf, mvulana wa miaka 12, anatolewa na babake kwa tajiri ili kulipa deni. Ukiwa na nakala ya Kiingereza, ziweke pamoja usome zikisaidiana. Usitarajie mwisho wa kukufuta machozi.

Kichague kimoja, ama usichague. Ukifika ukurasa wa 50 na bado hakijakushika, funga umpe mwingine, na ukimpa, mwambie ni cha nini. Mimi sitakuuliza ulifika wapi.